Nguzo Alizozifuta Injinia Barasa

Sheila, wewe uliyeirithi meza yangu, siku ile ya kukata keki uliniambia, "Mama Bima, tuandikie, usitutoke hivo tu." Nikakujibu nitaona. Sasa nimekaa nyumbani, kabati zote nimezipanga, mume wangu nimemchosha kwa kumfuata jikoni, basi nimeona. Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vilipojisikia, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo wenu. Nitawaandikia kazi yenyewe. Zaidi nitawaandikia habari za Injinia Barasa, maana kila nikiikumbuka miaka yangu ya bima ni yeye anayenijia mbele, na akinijia mimi huacha ninachofanya.

Nilianza kwa Bi. Wangari, mwenye ofisi yetu, wakati huo tukiwa ghorofani kule Makadara, hapa Nairobi, juu ya duka la vyombo. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa makusudi. Bi. Wangari aliniangalia kuanzia chini kwenda juu. Hakunipa kalamu wala kiti. Alinipa gambuti na tochi.

"Huwezi kuiwekea bima kazi ambayo hujaiona ikifanywa," akasema. "Twende."

Tulizunguka siku nzima. Eastleigh tulikaa na mhasibu aliyewafanyia hesabu wenye maduka ya jumla, chumba chake kikiwa na nafasi ya kiti kimoja, kwa hivyo wateja walikaa na yeye akasimama. Baba Dogo tulimkuta mama mmoja mtaalamu wa usalama wa viwandani akiwa ameingia ndani ya tangi, tukazungumza na sauti yake tu. Jioni nilirudi nyumbani sketi ikiwa na matope na nikiwa nimeduwaa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba katika mitaa yetu hii kuna watu wengi hivyo wanaokula kutokana na walichonacho kichwani, kila mmoja peke yake, bila kampuni kubwa nyuma yake.

Kwa asiyejua kazi yetu, hii inaitwa bima ya dhima ya kitaaluma. Jina ni refu kuliko jambo lenyewe. Fundi akivunja kioo chako, unakiona kimevunjika. Lakini anayeuza ushauri, mchoro au hesabu, kosa lake halionekani siku anapolifanya. Linaingia kwenye kazi ya mwingine na kukaa humo. Likija kutokea, aliyeumia anamgeukia mshauri, na bima inalipa, ili aliyeumia asibaki hivyo hivyo na mshauri asinadiwe hadi masufuria.

Mtaani waliiita bima ya makosa, na jina hilo lilinitesa. Unamweleza mtu vizuri, anakusikiliza, halafu anakuuliza, "Kwa hivyo unasema nitakosea?" Dada mmoja mshauri wa lishe aliweka mikono juu ya fomu zangu akazikemea katika jina la Yesu, kisha akanimiminia chai, tukanywa tukicheka. Alikuja kukata bima baadaye, lakini alitaka iandikwe kwamba ni ya tahadhari.

Jambo kubwa nililofundishwa na Bi. Wangari ni sentensi moja ya kumwambia mteja anapopiga simu analia. "Usiseme neno lolote kwa mtu yeyote mpaka tufike." Sisi tuliliita sharti la kunyamaza. Kampuni ya bima ndiyo inayolipa, kwa hivyo inataka yenyewe ndiyo iamue kama kosa lipo na ni la nani. Mteja akishasema "ni mimi," amefunga mlango kabla kampuni haijafika, na kampuni ikitaka yaweza kumkatalia bima yake. Liko kwenye mkataba wa kila mmoja wao, na hakuna anayelisoma.

Shida ni kwamba huku kwetu mtu akiumia kwa sababu yako, unaenda. Unabeba sukari na unga, unaingia kwake, unakaa, unasema ulilofanya, unaomba msamaha. Usipoenda, watu wanasema huna utu, na ni kweli. Basi nusu ya kazi yangu ilikuwa kuwazuia watu wema wasifanye wema. Nilikuwa hodari, hata mume wangu husema nikilala naitamka sentensi ile.

Na msidhani lilikuwa tishio la karatasi tu. Eastleigh kulikuwa na msichana wa kompyuta, Halima, aliyemtengenezea mzee mmoja wa nguo za jumla mtambo wa kuhesabu stoo. Mtambo ukakosea, mzee akauza kwa watu mzigo ambao haukuwepo, akavunjiwa heshima na wateja wa miaka mingi. Nilimwambia Halima anyamaze. Akaniambia, "Mum, siwezi kaa tu. Huyo mzee ni kama babangu." Akaenda, akaomba msamaha. Kampuni ikakataa kulipa. Halima akauza kompyuta zake akarudi kwao, na mzee naye hakupata kitu. Tangu hapo sentensi ile niliisema kwa sauti ya juu zaidi.

Sasa Injinia Barasa.

Alikuwa injinia wa majengo, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, mpole hadi unataka kumwambia achangamke kidogo. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Lucky Summer. Alichorea watu wadogo, mwenye ploti anayetaka kuongeza ghorofa, makanisa, shule za nasari. Ni mmoja wa wachache waliokata bima bila kubembelezwa. Nilipoanza kumweleza alinikatiza akasema, "Mama Bima, mimi ni binadamu. Niandikie."

Kanisa alilosali yeye na mkewe lilitaka roshani ya kwaya, ghorofa ndogo ya ndani inayotokeza juu ya vichwa vya waumini. Barasa akaichora vizuri, na nguzo mbili mbele za kuishikilia. Pasta akautazama mchoro akasema, "Injinia, hizi nguzo zitaziba watu. Wa nyuma hawataona madhabahu." Lilikuwa ombi la haki. Barasa akaenda nyumbani akazifuta nguzo.

Nitawaeleza kama alivyonieleza mimi, maana si lazima uwe injinia. Roshani yenye nguzo mbele hupinda ikielekea chini katikati, kwa hivyo vyuma vyake hukaa upande wa chini wa zege. Roshani isiyo na nguzo imeshikwa ukutani tu, kama mkono ulionyooshwa, kwa hivyo vyuma vyake sharti vikae upande wa juu. Barasa alizifuta nguzo na akasahau kuvihamisha vyuma. Mchoro ukapita, mafundi wakajenga ulivyosema, roshani ikapakwa rangi, ikawekwa wakfu, watu wakaona madhabahu.

Ilikatika Alhamisi mchana, kwaya ikifanya mazoezi. Haikuanguka yote kwa pamoja. Ilitoa mlio, ikainama, na wengi wakawahi kukimbilia ngazi. Mama Njeri hakuwahi. Huyu alikuwa mshonaji mwenye kibanda chake karibu na stendi, kiongozi wa sauti ya pili, mama wa watu kabisa. Mguu wake ulivunjika vibaya, mfupa wa paja. Daktari alisema bila upasuaji na chuma ndani ya mguu hatatembea tena sawasawa, na mshonaji asiyeweza kukanyaga cherehani ni mshonaji gani.

Barasa alinipigia akiwa hospitalini. Nikasema sentensi yangu. Nikamwambia Jumanne nitakuja na mkaguzi wa kampuni, yule tunayemwita asesa, na kabla ya hapo asizungumze na familia, wala pasta, wala mtu. Nikamweleza kabisa kwamba akifungua mdomo, upasuaji wa Mama Njeri hautakuwa na wa kuulipia. Akasema, "Nimesikia, Mama Bima." Nikatulia.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Ijumaa usiku alitandaza mchoro mezani akaliona kosa lake. Alipoliona, akakumbuka Ticha Rose. Ticha Rose alikuwa muumini mwenzake, mwenye nasari hapo hapo Lucky Summer. Aliipenda sana roshani ya kanisa, akamwomba Barasa amchoree kibaraza cha juu kama ile, mbele ya madarasa ya ghorofani, watoto wasimamie wakiimba asubuhi. Barasa alikuwa amemchorea kwa kuufuata mchoro ule ule.

Jumamosi akaenda kwa Ticha Rose. Alijaribu kulishika sharti langu, maskini. Akamwomba afunge shule wiki moja, basi, bila kusema kwa nini. Ticha Rose akamcheka. "Injinia, Ijumaa ni siku ya wazazi. Watoto wamefanya mazoezi muhula mzima. Nikifunga wiki hii wazazi watawahamisha, na wewe ndiye utakayenilisha?" Akamuuliza kuna nini hasa. Barasa akasema ataeleza, akaondoka. Kutoka hapo akaenda wodini kwa Mama Njeri na pakiti ya sukari.

Jumapili asubuhi alinipigia. "Mama Bima, njoo kanisani. Nataka uwepo." Nilidhani ni maombi ya Mama Njeri. Nilienda, nikisema moyoni afadhali nikae karibu nimchunge.

Ibada ilikuwa kwenye hema nje, kwa kuwa kanisa lilikuwa limefungwa. Nilikaa kando yake. Kwao kuna saa ya ushuhuda, ambapo yeyote husimama mahali alipo akasema alilotendewa na Mungu au alilomkosea. Ilipofika saa hiyo nikaona magoti ya Barasa yanaanza kunyooka. Nikashika koti lake.

"Injinia, keti," nikamnong'oneza. "Utapoteza bima. Mama Njeri atapoteza mguu."

Akanitazama. Akautoa mkono wangu polepole kwenye koti, akaniwekea pajani kama anayerudisha kitu cha mwenyewe, akasimama.

"Bwana asifiwe. Roshani niliichora mimi. Mafundi hawakukosea, Pasta hakukosea. Nilifuta nguzo nikasahau vyuma. Kosa ni langu. Mama Njeri nimeshamwambia." Akamgeukia Ticha Rose. "Mchoro huo huo uko kwa Ticha Rose. Kile kibaraza cha juu. Watoto wasikanyage pale kesho. Ticha, jana nilikuomba vibaya. Leo nakuomba vizuri."

Mimi nimekaa katika kazi hii miaka mingi. Nimeona watu wakikana sahihi yao wenyewe. Nimemwona mtu akisema hakuwepo Nairobi siku ambayo mimi ndiye niliyekunywa naye chai. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiyavunja maisha yake kwa mikono yake, mbele ya mkewe, kwa sauti ya upole namna ile. Nilisahau kampuni, nilisahau sharti, nilikaa tu nikimtazama.

Halafu Ticha Rose akasimama, uso umempauka. Nilidhani atamtukana. Akasema, "Nani ana miti?"

Ibada iliishia hapo. Nusu ya wanaume wa kanisa lile ni mafundi na vibarua wa mijengo. Waliondoka na suti zao za Jumapili, wakaenda kukopa miti kwenye mjengo wa jirani, na kabla ya jua kuzama kibaraza cha Ticha Rose kilikuwa kimeegemezwa kutoka mwisho hadi mwisho. Barasa ndiye aliyepima kila mti, na walifuata kila alichosema. Nililiona hilo na ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mtu ametoka kuwaambia sasa hivi kwamba alikosea, nao wanamwamini kuliko jana.

Jumanne asesa akaja, mzee mmoja mkavu asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Alichonga zege la kibaraza kwa patasi akavikuta vyuma upande wa chini. Kisha akapangusa rangi mpya ambayo Ticha Rose alikuwa amepaka kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Chini ya rangi kulikuwa na ufa uliofuata ukuta kutoka kona hadi kona.

"Ijumaa kulikuwa na nini hapa?" akauliza.

"Siku ya wazazi," Ticha Rose akasema. "Watoto wote wangesimama hapo juu. Na mama zao."

Asesa akairudisha patasi mfukoni. Akashuka ngazi akaenda kusimama uani peke yake.

Lakini ripoti ya asesa ni ya asesa, na mkataba ni wa wakili. Kampuni ikamtuma wakili wake, kijana nadhifu, aje athibitishe kama Barasa alikiri. Habari zilifika wodini kabla yake. Watu walimzunguka Mama Njeri wakimwambia aseme hakusikia kitu, alikuwa amedungwa sindano, alikuwa amelala. Walimtakia mema. Upasuaji ulikuwa umeshaahirishwa, mguu umefungwa mawe ya kuunyoosha ukingoja wa kulipa.

Nilikuwepo wakili alipomuuliza.

"Alikuja," Mama Njeri akasema. "Alikaa hapo ulipokaa. Alisema kosa ni lake."

"Mama, unaelewa kwamba ukisema hivyo, kampuni inaweza kukataa kulipa?"

"Naelewa, nimeambiwa na kila mtu. Wewe andika. Na uandike pia alinieleza ya nasari siku hiyo hiyo. Mjukuu wangu anasoma pale. Nikikana kwamba alikuja, nitakuwa nimekana kilichomwokoa mtoto."

Kijana akaandika. Mkono wake haukuwa na haraka. Kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama nilikuwepo kanisani. Nikamwambia nilikuwepo na nilimshika koti.

Tulipotoka nilimsimamisha kwenye korido. Mwanzo nilikuwa na hasira, lakini nilipomwona uso wake hasira ilipungua.

"Wakili, nikuulize kitu. Sharti lenu lilitaka afanye nini Jumapili ile?"

"Anyamaze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sisi tufike."

"Na Jumatatu asubuhi watoto wangepanda kibarazani kufanya mazoezi. Basi nenda kawaandikie wakubwa wako kwamba alipaswa kunyamaza, na utie sahihi yako chini."

Aliinamisha kichwa akaenda zake, nami nikarudi ofisini nikijua nimefika mwisho wa nguvu zangu. Bi. Wangari, aliyekuwa amezeeka wakati huo na anakuja ofisini siku chache tu, alinisikiliza kisa chote. Nilitaraji aniulize nilimshikaje koti nikamwachia. Alivua miwani akasema, "Mimi nimeuza bima hii maisha yangu yote, na sikujua ni ya kumkinga mtu wa aina hiyo." Akafuta macho akaniomba nimletee maji.

Kampuni ililipa. Nadhani hakupatikana wa kutia sahihi chini ya barua ya kukataa. Barua ilikuja ikisema wamelipa gharama zote za Mama Njeri, na za kukibomoa na kukijenga upya kibaraza, "bila kukubali kosa wala dhima yoyote." Ndivyo kampuni huandika siku zote, na siku zote nilikuwa naipita sentensi hiyo bila kuiona. Siku hiyo niliisoma, nikamkumbuka yule mtu mrefu amesimama hemani, nikacheka hadi aliyekuwa kwenye meza ya jirani akaja kuniangalia kama niko sawa; wewe Sheila hukuwa umeajiriwa bado.

Sharti la kunyamaza bado lipo, na bado mtalisema, maana Halima naye hakuwa mwongo na yakamkuta. Lakini tangu Barasa, mimi sikuanza tena na sentensi ya Bi. Wangari. Mteja akipiga simu, kwanza nilimuuliza, "Kazi yako hii hii iko wapi kwingine, na nani yuko chini yake sasa?" Akishanijibu na tumeshawatoa watu, ndipo nilimwambia anyamaze. Ulizeni hivyo. Hakuna fomu inayowataka muulize, na hakuna mkubwa atakayewapongeza.

Wiki baada ya kustaafu nilienda kusali kwenye kanisa lile. Lilijengwa upya zamani, na roshani ya kwaya sasa ina nguzo mbili mbele, nene, na ni kweli zinaziba. Nilimkuta Injinia Barasa na mkewe wamekaa nyuma ya nguzo ya kushoto, mahali ambapo madhabahu huoni hata ukijipinda. Kanisa lilikuwa na viti vitupu kila upande. Nikajibana kando yake nikamuuliza mbona anakaa pabaya hivyo, na viti vizuri viko vitupu.

"Hapa naiona nguzo," akasema.

Juu yetu Mama Njeri alikuwa anapanda ngazi za roshani. Nilizisikia hatua zake, mguu mmoja mzito kidogo kuliko mwingine. Akafika juu, akasimama mahali pake, akaanzisha wimbo.